Fundi Anajibu: Rodi zinavunjikia njiani, nitengeneze keria gani ya pikapu?

Wasomaji wangu, toka tuanze kuongelea uvuvi wa fimbo, au rodi kama wengi tunavyoziita, maswali yanayonifikia mengi hayahusu samaki kabisa. Yanahusu gari. Mtu ananunua rodi kwa kujinyima, anaitunza ndani kama mtoto, halafu inakatika kwenye bodi ya pikapu kabla hata haijaonja maji. Jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu dawa yake ni vipande vya bomba, mbao mbili tatu na tyubu kuukuu ya baiskeli. Kwa hiyo leo safu yote nimeiachia suala hilo, na swali la kwanza nitalijibu kwa urefu maana ndani yake kuna majibu ya wengi.

Fundi habari za kazi. Mimi niko Kigamboni, nina Hilux dabo kebini ya kaka yangu naitumia wikiendi, tunaenda Kimbiji kuvua mimi na wenzangu watatu, hao wanaishi mjini wanavuka daraja la Nyerere ndo tunaungana huku. Rodi zetu tunazilaza tu kwenye bodi juu ya ndoo na kisanduku cha barafu. Wiki mbili zilizopita tumefika nashusha vitu nakuta rodi yangu ya futi 7 ncha haipo, na hakuna anayejua ilikatika saa ngapi. Nataka nitengeneze kitu cha bei ya chini cha kuzisimamisha lakini kaka kasema gari lake lisitobolewe hata tundu moja. Inawezekana? – Msomaji, Kigamboni

Pole sana ndugu yangu. Inawezekana, na kaka yako ana haki, bodi ikitobolewa bila kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na ukichanganya na chumvi ya pwani, miaka miwili tu pale pameshaoza. Hatutatoboa kitu.

Kwanza nikwambie kilichoikata rodi yako, maana ukikijua hicho keria utaijenga vizuri hata bila mimi. Rodi nyingi za siku hizi ni za kaboni. Kaboni ukiipinda kwa urefu wake wote ina nguvu ya kushangaza, lakini ukiigonga sehemu moja na kitu kigumu, pembe ya ndoo, mfuniko wa kisanduku, kopo la risasi za kuzamishia mshipi, inapata jeraha dogo ambalo jicho halilioni, halafu siku umemkamata kolekole anavuta kweli inapasuka palepale kwenye lile jeraha na wewe unalaumu kiwanda. Kwenye barabara mbovu ya kwenda huko kwenu gari linaruka mara ngapi? Kila likiruka rodi inapigwa. Ncha ndiyo nyembamba kwa hiyo inaondoka ya kwanza, ila usishangae hata zile za wenzako zinazoonekana nzima zikawa zimeshaumia.

Mimi yangu niliivunja kwa mlango wa nyuma wa bodi. Nilikuwa na haraka, giza limeingia, nikasukuma mlango ukagoma kidogo, nikausukuma tena kwa nguvu, nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Rodi ilikuwa imeteleza njiani ncha yake ikatoka nje sentimita kumi tu. Ilikuwa ya futi 8, nilikuwa nayo miaka sita. Tangu siku hiyo rodi yangu haijalala tena kwenye sakafu ya bodi.

Sasa kazi. Keria nzuri inafanya mambo matatu tu, inakamata tako la rodi, yaani mwisho wake mnene wa chini, lisizunguke wala kuruka, inaushika mwili wake mahali pamoja kwa kitu laini, na ncha inaiacha huru icheze inavyotaka. Watu wengi wanakosea hapo mwisho, wanafunga ncha kwa kamba wakidhani ndo wanailinda, kumbe gari likiruka mwili unakwenda huku ncha imezuiwa kule, inakatika yenyewe.

Tafuta mbao ya mbili kwa nne, ya msonobari inatosha ila iwe imekauka. Pima upana wa bodi kwa ndani, karibu na kebini, kata mbao tatu za kulala zipungue huo upana kwa sentimita mbili ili ziingie bila kukwaruza. Kata na mbili za kusimama, sentimita 90 kila moja. Unachotengeneza ni kama ngazi fupi na pana, inayosimama imeegemea ukuta wa mbele wa bodi. Mbao ya kwanza iko chini kabisa inakalia sakafu, ya pili iko kama sentimita 40 kutoka chini, hiyo ndo itabeba mabomba, na ya tatu iko juu. Usitumie misumari mitupu, inalegea kwa mtikisiko, tumia bolti zenye washa na loknati, au skrubu ndefu na gundi ya mbao.

Mabomba ni ya PVC ya inchi 2, haya ya maji taka. Bomba zima ni mita 6 na wewe huhitaji zima, rodi nne ni vipande vinne vya sentimita 30, haifiki hata mita moja na nusu. Nenda kwenye nyumba inayojengwa umuombe fundi bomba masalio, mimi vyangu vyote nilipata hivyo na hakutaka hata hela ya soda. Kata kwa msumeno wa chuma, halafu pitisha tupa na msasa kwenye midomo mpaka ukipitisha kidole ndani usisikie ukali wowote. Hapo usifanye haraka, mdomo wa bomba ukiwa na makali unakula mpini wa rodi kidogo kidogo kila safari.

Kila kipande kifungwe kwenye mbao ya kati kwa bolti mbili, moja juu moja chini, kichwa cha bolti kiwe ndani ya bomba na nati iwe nyuma ya mbao, uchague bolti zenye kichwa bapa. Kati ya bomba na mbao, kwenye ile bolti ya juu, weka kipande cha ubao chenye unene wa sentimita moja. Kazi yake ni kulilaza bomba kidogo, ili rodi iinamie nyuma ya gari, upepo ukiipiga iwe imeshaelekea unakokwenda upepo. Nafasi kati ya bomba na bomba iwe sentimita 20, ukiwa unatumia rili kubwa (kile kifaa cha kukunjia mshipi, uzi wa kuvulia) zenye mkono mrefu ongeza, maana rili mbili zikigongana njiani ni kelele na ni hasara.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho wengi wanakiruka. Sentimita 3 kutoka mwisho wa chini wa bomba toboa matundu mawili yanayotazamana, pitisha bolti ikatize katikati. Tako la rodi litakaa juu ya hiyo bolti. Chini unaacha wazi, usifunge na kifuniko, maji na mchanga vitadondoka vyenyewe. Na kama una rodi za boti zile ambazo tako lake lina mfereji wa msalaba, mfereji unaingia kwenye bolti na rodi haizunguki hata ungeendesha mpaka Lindi.

Mdomo wa juu wa bomba uvalishe. Chukua kandambili kuukuu, kata vipande vyembamba, vibandike kwa ndani kwa gundi ya viatu kuzunguka mdomo mpaka mpini uingie kwa kusukuma kidogo. Kandambili haifyonzi maji na haiozi kwa chumvi, wavuvi wetu wamezifanya maboya ya nyavu miaka yote, wanajua. Ukipata lile sponji jeusi wanalovalisha mabomba ya kiyoyozi ni zuri pia, mafundi wa AC huwa na masalio.

Mbao ya juu ndo ya kushika mwili wa rodi. Hii usiifunge kwa kupima na futi, ipime kwa rodi yenyewe. Simamisha rodi kwenye bomba lake, iache iiname inavyoinama, sogeza mbao nyuma kwa vipande vya mbao mpaka ikaiguse rodi bila kuisukuma. Weka alama. Pale pa alama chonga kitanzi cha nusu duara kwa msumeno na tupa, kivalishe kandambili, na pembeni yake piga skrubu mbili za kukamatia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira unapita mbele ya rodi, unakaza kwa mkono, basi. Hakikisha pale unapoishika hapana ringi ya kupitishia mshipi, shika mwili mtupu.

Kuifunga kwenye gari bila kutoboa: bodi ya Hilux yako ina ndoano au ringi za kufungia mzigo kwenye kona za mbele. Kamba ya manila ipite juu ya mbao ya kati, kila upande, ivutwe chini mpaka kwenye ndoano na kukazwa kwa fundo la kuvutia, halafu kati ya ncha za mbao na kuta za bodi piga kabari zenye kipande cha raba ili rangi ya gari isiumie. Chini ya miguu weka vipande vya tairi. Kisanduku cha barafu kisukume mpaka kiikandamize ile mbao ya chini na nacho ukifunge, uzito wake unakusaidia.

Ukimaliza usiondoke kwanza. Panda kwenye bodi, shika mbao ya juu kwa mikono miwili, itikise kwa nguvu zako zote. Gari zima linatakiwa litikisike pamoja nayo. Kama fremu inatikisika peke yake rudi kwenye kamba na kabari. Na safari ya kwanza simama baada ya kilomita kama kumi ukaze tena, kamba mpya lazima itanuke.

Kumbuka urefu. Rodi ya futi 7 ni mita 2 na kidogo, ikisimama kwenye bomba lililoko juu ya bodi ncha yake inafika mita 3 na zaidi kutoka ardhini. Kule Kimbiji mikorosho imetambaa juu ya njia, na mageti ya nyumba mengine yana chuma juu. Rodi za vipande viwili zivue zote ukiingia sehemu kama hizo, ni dakika moja.

Shikamoo fundi. Mimi ni binti niko Tanga, baba yangu anavua Pangani na ana pikapu, siku yake ya kuzaliwa inakaribia nataka nimtengenezee keria kabla hajajua. Kaka yangu ana drili. Ila sijui rodi zake zina unene gani na siwezi kumuuliza. Ninunue bomba la inchi ngapi? Halafu nyuma ya gari huwa wanapanda watu, wajomba na watoto. – Binti, Tanga

Marahaba mwanangu, na umenifurahisha sana. Chukua uzi akiwa amelala, uzungushe kwenye sehemu nene kabisa ya tako la rodi, kata pale unapokutana, pima ule uzi na rula, gawa kwa 3.14, hiyo ndo kipenyo. Rodi nyingi za kawaida zina milimita 25 mpaka 32 hapo, kwa hizo bomba la inchi 1 na nusu linatosha, na la inchi 2 linafaa ukilivalisha sponji. Zile za boti zenye tako la chuma ni nene zaidi, pima usibahatishe. Pima pia kutoka mwisho wa tako mpaka pale mguu wa rili unapoanzia, bomba lako liwe fupi kuliko hapo kwa sentimita tano. Kama rodi zake zina mpini mfupi sana, pasua mfereji upande mmoja wa mdomo, upana wa sentimita moja na nusu, ili mguu wa rili uingie humo na ukae.

Kama unataka mdomo wa bomba upanuke kama wa faneli upendeze na usile mpini, chemsha maji yachemke kabisa, tumbukiza mdomo wa bomba dakika mbili tatu, PVC inalegea, kisha shindilia chupa ya soda ya kioo kwa upande wa shingo mpaka mdomo ufunguke unavyotaka, mwagia maji baridi na chupa ikiwa bado ndani. Vaa glovu au shika kwa kitambaa kinene. Tafadhali usilipashe kwenye moto, PVC ikiungua moshi wake ni sumu.

Kuhusu watu wanaopanda nyuma, hapo nakuomba uwe mkali hata kwa baba. Ndoano zote zitoke kwenye mshipi kabla gari halijawaka. Nimeona ndoano za pembe tatu zinaning'inia usawa wa jicho la mtoto na gari linakwenda. Mtengenezee na kopo lenye mfuniko la kuwekea ndoano na chambo za plastiki, ulifunge kwenye keria hiyohiyo, yeye akifika tu ufukweni anavalisha. Akikataa kabisa kuvua ndoano basi aivalishe kizibo cha chupa au kipande cha kandambili, na asiinase kwenye ringi ya rodi maana zile ringi ndani zina duara la kauri, likipata ufa linakata mshipi kama wembe. Ufa wenyewe hauonekani. Mpe pamba apitishe ndani ya kila ringi, ikiacha nyuzi pana kasoro.

Bwana fundi salamu kutoka Kilifi. Sisi huvulia kwenye majabali pande za Vuma, rodi zetu ni za futi 13 na 14 za kurusha mbali. Niliona gari limezisimamisha zote nyuma ya pikapu kama bendera, likapendeza. Je, naweza kufanya vile? Hapa njiani nyaya za stima ziko chini sana. – Mvuvi wa jabalini, Kilifi

Ndugu yangu, usifanye. Wewe mwenyewe umeshalijibu swali lako kwenye sentensi ya mwisho. Futi 13 ni karibu mita 4, ongeza kimo cha bodi na bomba unapita mita 5 kutoka ardhini, na kaboni inapitisha umeme. Rodi haihitaji hata kuugusa waya wenye umeme mkubwa sana, kuusogelea tu kunaweza kutosha. Hata ukifika, unapoziunganisha angalia juu kwanza, na mawingu ya radi yakianza kujikusanya zilaze chini muondoke majabalini.

Rodi hizo karibu zote ni za vipande viwili au vitatu. Ziache hivyohivyo zimetenganishwa, kila kipande kinakuwa mita 2 hivi. Panga kipande cha tako na cha ncha pamoja, ncha isipite mwisho wa mwenzake, weka sponji katikati sehemu mbili, funga kwa mpira wa tyubu usikaze mno. Sasa bodi ya dabo kebini ni kama mita moja na nusu, haziingii, na kuziacha zinatokeza nyuma ya gari ni kuomba mtu mwenye bodaboda aje azigonge. Zipeleke juu. Kama una keria ya juu ya kebini, funga bomba la inchi 4, lile la maji taka la milimita 110, lenye urefu wa mita 2.2, lishikwe na klampu sehemu nne. Mbele funga kifuniko kwa gundi ya PVC, nyuma weka kifuniko cha kufungua, na bitana ya ndani iwe zulia jembamba au sponji. Bomba moja hilo linameza vipande vya rodi tatu hivi kutegemea ukubwa wa ringi. Ncha zielekee nyuma ya gari, sio mbele. Toboa vitundu vidogo chini ya bomba, huku na huku, hewa ipite, na usiingize rodi mbichi ukaisahau humo mpaka Jumamosi ijayo, chumvi na unyevu vitakula ringi zote.

Huyo uliyemuona kazisimamisha kama bendera, ukikutana naye mwambie.

Asalaam aleikum. Niko Maskati, Oman, asili yangu Unguja. Tunavua kanadi, yaani nguru wetu, tunatembea na Hilux mpaka pande za Sur. Nilitengeneza keria ya bomba za PVC mwaka jana, jua la hapa limezifanya zimepinda na moja imepasuka kama biskuti. Nibadilishe niweke chuma? – Msomaji, Maskati

Waaleikum salaam warahmatullah. Kabla ya chuma hebu tuyatazame hayo matatizo, maana ni mawili tofauti. Kupinda ni joto. PVC haitakiwi kufanya kazi kwenye joto linalozidi nyuzi 60, ikifika 80 imeshalegea kabisa, na kwenye jua la kiangazi cha huko kitu chenye rangi ya giza kilicholala juu ya bati la gari kinazipita 60 bila shida. Kupasuka kama biskuti ni mionzi ya jua yenyewe, inaikausha PVC mpaka inapoteza ulaini, ukiigonga inavunjika badala ya kupinda.

Dawa ya kwanza ni rangi nyeupe. Kwangua bomba kwa msasa mpaka mng'ao utoke, lifute vumbi, lipake rangi nyeupe ya maji mikono miwili, kila mwaka uirudie. Inapunguza joto na inazuia mionzi. Ya pili, fupisha. Kipande cha sentimita 30 kilichosimama kimefungwa bolti mbili hakina pa kupinda, zinazopinda ni zile ndefu zilizolazwa. Hizo zipe kishikio kila baada ya nusu mita, au zikalishe juu ya ubao kwa urefu wake wote. Ukiegesha mchana kutwa tupia turubai jeupe juu, na hilo ni la faida hata kwa mshipi wako, nailoni ikikaa juani inachoka, siku ya kanadi inakatika bila sababu.

Chuma sikukatazi, ila kwa chumvi ya bahari kinataka rangi ya kutu kila wakati na kikipata moto wa jua kinaunguza mipini ya kizibo na sponji. Ukichagua chuma, ndani ya kila kishikio weka kipande cha bomba la PVC kama bitana. Hapo umepata vyote.

Mambo fundi, mimi Mwanza, pikapu singo kebini ya kazi, mzigo wa kila aina. Rodi zetu za kuvutia sangara ni fupi nene, futi 5 na nusu mpaka 6. Sitaki mabomba wala ngazi, nataka kitu cha dakika kumi. – Msomaji, Mwanza

Poa ndugu. Wewe una bahati, bodi ya singo kebini ina kama mita 2.3, rodi zako zinalala ndani na nafasi inabaki. Kata mbao mbili za upana wa bodi, kwenye moja chonga vitanzi vikubwa vya mipini, kwenye nyingine vidogo vya mwili wa rodi, vyote uvivalishe tyubu au kandambili. Mbao ya kwanza ifunge kwa kamba usawa wa ukingo wa juu wa bodi upande wa mbele, ya pili mita moja na kidogo nyuma yake. Rodi zinalala juu ya mbao hizo, rili zikining'inia chini, kila rodi mipira miwili. Mzigo wako unakaa chini yake na hauzigusi. Siku ya kubeba saruji unafungua kamba, mbao zinasimama nyuma ya kiti.

Kitu kimoja, vumbi la barabara linaingia kwenye rili na kusaga gia. Valisha kila rili soksi kuukuu na ufunge na uzi. Soksi ni bora kuliko mfuko wa nailoni, maana rili ikiwa na unyevu inapumua.

Fundi, keria nimetengeneza ile ya bomba tano uliyoieleza zamani, nzuri, ila tukisimama kula mkahawani rodi zinaonekana na kila mtu. Mwezi uliopita wameondoka na mbili. Kuna namna ya kufunga? Halafu mbili kati ya zilizobaki zimevunjika ncha, nizitupe? – Msomaji, Bagamoyo

Pole sana, hiyo inauma kuliko ya kuvunjika. Nikueleze ukweli, bomba la plastiki halimzuii mwizi mwenye kisu na dakika tano, kinachowezekana ni kumchelewesha na kumfanya aonekane. Rili zivue zote uingie nazo mkahawani kwenye begi, rodi bila rili haimvutii sana mtu wa haraka na rili ndiyo yenye hela zaidi. Halafu pitisha waya wa chuma wa kufungia baiskeli, ule wenye plastiki juu, chini ya ringi kubwa ya kwanza ya kila rodi, uizungushe kwenye mbao ya juu na ufunge kufuli kwenye ndoano ya bodi. Usiukaze ukaibana rodi, uache ulegee kidogo, na uwe na plastiki yake yote maana waya mtupu utaikwaruza kaboni na tumerudi kule kwenye jeraha. Gari liegeshe mgongo wa bodi ukiangalia meza yenu.

Na zile mbili zilizobaki bila ncha, ulizoniuliza mwishoni mwa meseji, usizitupe. Kata pale palipovunjika pawe safi, pasha gundi ya ncha kwa njiti ya kiberiti, vaa ringi mpya ya ncha inayolingana na unene, ilinganishe na ringi nyingine kabla gundi haijapoa. Rodi itakuwa fupi na ngumu kidogo, kwa kuvulia changu na tewa kutoka kwenye boti inafaa sana. Niandikie ukishaijaribu, niambie ilivunjikia sentimita ngapi kutoka juu.